Maswali ya Wasomaji: Waziri Mkuu, Bunge, na Nani Amshike Nani

Barua nyingi za toleo hili zimetoka pwani ya kaskazini, kuanzia Malindi hadi Faza, na karibu zote zauliza kuhusu pendekezo la kurudisha cheo cha Waziri Mkuu, ambalo huzama na kuibuka kila baada ya uchaguzi. Tumefupisha barua, majibu tumeyaacha marefu pale yanapostahili.

*Assalamu alaikum. Barazani kwetu tumegawanyika. Mmoja ashikilia kuwa Waziri Mkuu hawezi kuwa dikteta kwa sababu Bunge laweza kumwondoa siku yoyote, bila kungoja miaka mitano. Mwengine asema huyo ndiye wa kuogopwa zaidi, maana serikali ni yake na Bunge ni lake. Yupi aliye sawa?*
— Wana baraza, Mkomani, Lamu

Waalaikumu salaam. Wa kwanza amesoma katiba, wa pili amehesabu kura, na sisi twamwelekea wa pili.

Katika mfumo wa kibunge, Waziri Mkuu hukaa kitini kwa sababu zaidi ya nusu ya wabunge wako upande wake. Akiwapoteza, amekwisha. Lakini hebu tazameni hao zaidi ya nusu ni akina nani. Ni wabunge wa chama anachokiongoza yeye, waliopata tiketi kupitia chama hicho, na wengi wao ni mawaziri aliowateua au watu wanaosubiri kuteuliwa. Uingereza ina sheria ya 1975 inayoruhusu mawaziri hadi 95 kuwa wabunge wa Bunge la chini, lenye viti 650. Ongeza wabunge wanaowasaidia mawaziri bila malipo, ambao nao hutarajiwa kupiga kura na serikali, utapita 120. Anayepiga kura kinyume huachia cheo. Kwa hiyo chama chenye wabunge 330 huanza kila mjadala kikiwa na zaidi ya theluthi ya watu wake ambao midomo yao imefungwa tayari.

Na wingi wenyewe waweza kupatikana kwa kura chache. Julai 2024 chama cha Labour kilipata viti 411 kati ya hivyo 650, yaani asilimia 63, kwa kura zisizofika asilimia 34. Jirani zetu Ethiopia wana mfumo wa kibunge tangu katiba yao ya 1995. Katika uchaguzi wa 2015 chama tawala na washirika wake walitwaa viti vyote 547. Kura ya kutokuwa na imani ingepigwa na nani?

Ndiyo maana silaha hiyo huonekana mara chache. Uingereza, mara ya mwisho serikali kuangushwa kwa kura ya namna hiyo ilikuwa 28 Machi 1979, kura 311 kwa 310. Wengi wa waliotoka baada ya hapo kabla ya wakati wao wametolewa na chama chao wenyewe. Margaret Thatcher aliondoka 1990 mawaziri wake walipomwambia mmoja mmoja kwamba hatashinda. Boris Johnson alinusurika kura ya ndani ya chama 6 Juni 2022, kura 211 kwa 148, lakini mwezi mmoja baadaye zaidi ya mawaziri na wasaidizi 50 walijiuzulu ndani ya siku chache, naye akatangaza kuondoka. Afrika Kusini, ambako rais huchaguliwa na Bunge la watu 400, hali ni ile ile. Thabo Mbeki mwaka 2008 na Jacob Zuma Februari 2018 walisukumwa na chama. Kabla ya hapo, 8 Agosti 2017, wabunge walipewa hata kura ya siri dhidi ya Zuma, wakashindwa kwa 177 dhidi ya 198.

Basi hapo barazani ulizaneni hivi: ndani ya chama cha huyo Waziri Mkuu, kuna njia gani iliyoandikwa ya kumtoa? Chama cha Conservative kilikuwa na kanuni kwamba asilimia 15 ya wabunge wake wakipeleka barua, kura lazima ipigwe. Mwaka 2022 hizo zilikuwa barua 54. Vyama vyetu vingi vina mwenyewe, na barua kama hiyo ingeishia mezani kwake.

*Nafundisha Historia na Serikali. Wanafunzi huniuliza Waziri Mkuu hufanya nini hasa, siku kwa siku, mpaka Bunge likaingia mkononi mwake. Naomba mifano, nadharia ninayo.*
— Mwalimu wa sekondari, Malindi

Mwalimu, anza na ratiba. Katika Bunge la Uingereza, Kanuni ya Kudumu ya 14 yasema shughuli za serikali hutangulia katika kila kikao, isipokuwa siku chache zilizotengwa, zikiwemo 20 za vyama vya upinzani na Ijumaa 13 za miswada ya wabunge wasio na wadhifa. Siku hizo huhesabiwa kwa msimu wa Bunge, na urefu wa msimu huamuliwa na serikali. Kwa kawaida ni mwaka mmoja. Msimu ulioanza Juni 2017 ulivutwa hadi Oktoba 2019, na siku za ziada za upinzani zikawa za kuombwa. Asiye na siku hana hoja, hata awe na ufasaha gani.

Halafu kuna kulifunga Bunge lenyewe. Desemba 2008 huko Kanada, vyama vitatu vya upinzani vilikubaliana kumwangusha Waziri Mkuu Stephen Harper. Kura ikiwa imebakiza siku chache, alimwomba Gavana Jenerali, mwakilishi wa Malkia, afunge msimu hadi mwisho wa Januari, akakubaliwa. Bunge liliporudi, makubaliano ya wapinzani yalikuwa yamesambaratika. Boris Johnson alijaribu jambo la jinsi hiyo 2019, kwa wiki tano katikati ya mjadala wa kujitoa Umoja wa Ulaya. Tarehe 24 Septemba majaji 11 wa Mahakama ya Juu waliamua kwa kauli moja kwamba ufungaji huo ulikuwa batili, kwa kuwa ulilizuia Bunge kufanya kazi yake bila sababu ya maana.

Tatu, kutunga sheria Bunge likiwa likizoni. Katiba ya India, kifungu cha 123, inaruhusu serikali kutoa amri yenye nguvu ya sheria wakati Bunge halijaketi; amri hiyo hufa wiki sita baada ya Bunge kurudi. Majimbo nayo yana kifungu kama hicho. Ujanja uliotumika jimbo la Bihar ulikuwa kuacha amri ife, kisha kuitoa upya ile ile. Kati ya 1967 na 1981 amri 256 zilitolewa kwa mtindo huo, nyingine zikaishi hadi miaka 14 bila kuwa sheria ya Bunge. Mahakama ya Juu ya India iliikemea tabia hiyo 1986. Mfano huu wanafunzi huushika haraka, kwa sababu unaonyesha jinsi kinga iliyoandikwa vizuri inavyoweza kuzungukwa bila kuvunjwa hata neno moja.

Mwisho, viranja wa chama. Septemba 2019 wabunge 21 wa Conservative walifukuzwa katika kundi la chama bungeni kwa kupiga kura dhidi ya serikali yao, wakiwemo waliowahi kuwa mawaziri wa fedha. Julai 2024 Labour nayo iliwasimamisha saba kwa miezi sita, wiki tatu tu baada ya kushinda. Mbunge aliyesimamishwa kiti hubaki nacho. Kinachopotea ni uhakika wa tiketi ya uchaguzi ujao.

Kwa zoezi la darasani, chukueni karatasi za shughuli za Bunge la Taifa letu za wiki moja. Hesabuni hoja na miswada iliyoletwa na kiongozi wa wengi, ya kiongozi wa wachache, na ya wabunge wa kawaida. Kisha hesabuni ngapi zilijadiliwa hadi kura. Mwanafunzi atayaona mwenyewe madaraka yalivyokaa.

*Kenya tumekuwa na Waziri Mkuu mara mbili. Wa kwanza akageuka rais, wa pili akamaliza muda, cheo kikafa. Yule wa kwanza mfumo wake ulivunjikaje upesi hivyo?*
— Mzee mstaafu, Malindi

Shikamoo mzee. Ulivunjwa kwa utaratibu, tena kwa kura halali za Bunge.

Jomo Kenyatta aliapishwa Waziri Mkuu 1 Juni 1963. Katiba ya wakati huo ilikuwa na Seneti ya watu 41 na mabaraza ya majimbo, likiwemo la Pwani lililoongozwa na Ronald Ngala wa chama cha upinzani, KADU. Kubadili vifungu vizito kulihitaji robo tatu ya wabunge katika nyumba zote mbili, na baadhi vilidai asilimia 90 ya Seneti. Ukuta mrefu, ungesema. Ila wabunge wa KADU walianza kuhamia KANU, chama cha Kenyatta, kidogo kidogo, na Novemba 1964 chama chenyewe kikajivunja na kujiunga na serikali. Tarehe 12 Desemba 1964 nchi ikawa jamhuri, na Waziri Mkuu akawa Rais mwenye madaraka ya utendaji bila kupigiwa kura na wananchi kwa cheo hicho kipya. Mwaka 1965 kiwango cha kubadili katiba kikashushwa hadi asilimia 65. Kufikia 1967 Seneti haipo, na majimbo yalikuwa yameshanyang'anywa fedha na mamlaka.

Upinzani ulipoisha bungeni, vile viwango vya asilimia havikuwa na wa kuvishikilia. Kwetu sisi hilo ndilo somo zito kuliko yote katika historia hiyo, na katika mabishano ya leo hutajwa mara chache mno.

Cheo cha pili, cha Raila Odinga kuanzia 2008 hadi 2013, kilikuwa kitu kingine. Kilitokana na mapatano baada ya machafuko ya uchaguzi wa 2007, kazi yake ilikuwa kuratibu na kusimamia shughuli za serikali, huku Rais Mwai Kibaki akibaki mkuu wa serikali. Ili kila upande ushibe, mawaziri na wasaidizi wao walizidi 90 katika Bunge la watu 222. Karibu wabunge wawili katika kila watano walikuwa serikalini. Nani wa kuihoji?

*Sisi wa visiwani ni wachache. Nasikia mfumo wa kibunge huzipa nguvu sehemu ndogo kwa sababu serikali huhitaji kila kura. Je, Lamu itanufaika?*
— Msomaji wa Faza

Yawezekana, lakini piga hesabu kwanza, na usihesabu upande mmoja.

Bunge la Taifa lina wabunge 349 bila Spika: 290 wa maeneo bunge, 47 wawakilishi wa wanawake wa kaunti, 12 wa kuteuliwa. Nusu na ziada ni 175. Lamu ina watatu: Lamu Mashariki, Lamu Magharibi na mwakilishi wa wanawake. Serikali yenye wabunge 176 ikiondokewa na hao watatu inabaki na 173, imeanguka. Hapo Lamu ina sauti ya kudai hospitali, boti na hati za ardhi. Serikali yenye 210 itawasikiliza kwa adabu na kuendelea na safari. Isitoshe, watatu hao lazima wawe kitu kimoja, jambo ambalo vyama hufanya bidii lisitokee.

Upande wa pili wa hesabu hauzungumzwi. Leo anayetaka urais anahitaji zaidi ya nusu ya kura zote pamoja na angalau asilimia 25 katika kaunti 24 kati ya 47. Katika sharti hilo Lamu ni kaunti moja sawa na Nairobi. Seneti nayo, ikipigia kura miswada ya kaunti, kila kaunti ina kura moja, na Lamu yalingana na Kiambu. Waziri Mkuu wa kawaida wa kibunge hahitaji hata kimoja cha hivyo viwili. Anahitaji wingi katika Bunge la chini tu, mahali ambapo nyinyi ni watatu katika 349, na karibu kote duniani Seneti haina uwezo wa kumwondoa. Mfumo huo ungehamisha uzito kutoka mahali mlipo sawa kwenda mahali mlipo wachache. Ukija, kaunti ndogo zidai kitu kwa kubadilishana: kwa mfano, sheria ya fedha za kaunti isipitishwe bila Seneti, au kuvunjwa kwa Bunge la chini kusiiguse Seneti.

Na chama chochote kitakachoomba wabunge wenu, kiandikishwe makubaliano ya muungano yenye tarehe na kiasi cha fedha, yapelekwe kwa Msajili wa Vyama vya Kisiasa. Ahadi ya jukwaani haina pa kushitakiwa.

*Kwa nini mbunge anayeasi chama asipoteze kiti? Si tutamaliza usaliti?*
— Msomaji wa Witu

Mtamaliza usaliti na ukaguzi pamoja. India iliweka kanuni hiyo 1985: mbunge anayepiga kura kinyume na agizo la chama aweza kupoteza kiti. Ilikusudiwa kuzuia kununuliwa kwa wabunge, na ununuzi ukabadilika ukawa wa jumla, maana kundi kubwa likihama pamoja linahesabiwa kuwa chama kimeungana na kingine. Aliyebaki peke yake na dhamiri yake ndiye anayeumia. Hapa kwetu sheria ya Aprili 1966 ilipitishwa upesi ili wabunge waliomfuata Oginga Odinga kwenda chama kipya cha KPU warudi kwa wapiga kura. Katiba ya sasa, kifungu cha 103, yamnyang'anya kiti anayejiuzulu kutoka chama chake au anayehesabiwa kisheria kuwa amejiuzulu. Maoni yetu: adhabu hiyo iwe kwa anayehama, isimguse anayepiga kura ya hapana kuhusu bajeti akiwa bado mwanachama.

*Rasimu ikija tena, mtu wa kawaida asome nini kwanza? Kurasa ni nyingi.*
— Mfanyabiashara, Malindi

Ruka dibaji, nenda kwenye kifungu cha kuteua na kufuta. Mswada wa mabadiliko ya katiba wa 2020, uliotokana na mpango wa maridhiano wa BBI na kuzuiwa na mahakama, mara ya mwisho na Mahakama ya Juu 31 Machi 2022, ulikuwa na Waziri Mkuu anayetoka bungeni lakini Rais angeweza kumfuta. Waziri Mkuu wa hivyo ni mtumishi wa Rais mwenye kiti bungeni. Anampa Rais mkono ndani ya Bunge pasipo kulipa Bunge mkono juu ya Rais. Kama Rais anateua na kufuta, mengine yote yaliyoandikwa kuhusu cheo hicho yasome kwa shaka.

Kisha tafuta idadi ya mawaziri na kama watakuwa wabunge. Sasa kifungu cha 152 chataka mawaziri wasipungue 14 wala kuzidi 22, na wasiwe wabunge. Wakirudi bungeni bila kikomo, yatarudi ya 2008. India iliweka kikomo 2003: asilimia 15 ya wabunge wa Bunge la chini. Kwa Bunge letu hiyo ingekuwa kama watu 52, bado wengi mno kwa ladha yetu.

Angalia jinsi kura ya kutokuwa na imani inavyoendeshwa. Ujerumani, kwa katiba ya 1949, Bunge halimwondoi Kansela, yaani mkuu wa serikali, mpaka limchague mrithi wake katika kura ile ile. Imefaulu mara moja tu, 1 Oktoba 1982, Helmut Kohl alipomrithi Helmut Schmidt. Mwaka 1972 jaribio lilianguka kwa upungufu wa kura mbili. Kanuni hiyo huleta utulivu, na bei yake ni kwamba Kansela dhaifu aweza kubaki kwa sababu tu wapinzani hawakubaliani nani amrithi. Hispania ina kanuni ya jinsi hiyo, na 1 Juni 2018 Pedro Sánchez aliingia kwayo kwa kura 180 dhidi ya 169. Uliza pia kuhusu mihula. Mawaziri wakuu kwa kawaida hawana kikomo: Kohl alikaa miaka 16, Angela Merkel 16, na Meles Zenawi wa Ethiopia alifia kazini Agosti 2012 akiwa Waziri Mkuu tangu 1995. Kenya ina kikomo cha mihula miwili kwa Rais. Rasimu isiyosema neno kuhusu mihula ya Waziri Mkuu inafungua mlango wa pili kwa aliyetolewa kwa mlango wa kwanza.

Mwisho tazama kamati ya hesabu za serikali: mwenyekiti atoke upinzani, na achaguliwe kwa kura ya siri ya wabunge. Likiachwa kwa kanuni za Bunge, wenye wingi watalibadili asubuhi moja.

*Katika nchi hizo kuna mfalme au rais wa heshima. Hawezi yeye kumzuia Waziri Mkuu?*
— Mwanafunzi wa chuo, Lamu

Mara chache, na akifanya hivyo nchi hutikisika. Gavana Jenerali wa Australia alimfuta Waziri Mkuu Gough Whitlam 11 Novemba 1975, na mpaka leo watu wanabishana. Kwa kawaida mkuu wa heshima hutia sahihi anachoshauriwa. Australia hiyo hiyo, kati ya Machi 2020 na Mei 2021, Waziri Mkuu Scott Morrison aliteuliwa kwa siri kusimamia wizara tano zaidi, zikiwemo afya na fedha, baadhi ya mawaziri wenye wizara hizo wakiwa hawajui. Gavana Jenerali alitia sahihi kila hati. Hakuna kilichotangazwa hadi Agosti 2022, Morrison akiwa ameshashindwa uchaguzi. Mwaka uliofuata Bunge lao likapitisha sheria kwamba uteuzi wa waziri lazima uchapishwe.